Kugawa kasi ya intaneti kwenye swichi: kukata, kulainisha, na ukubwa wa ndoo

Nyumba za Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kuta zake ni nene kiasi kwamba mawimbi ya waifai hufia ndani yake. Ndiyo maana nyumba ya wageni ya ghorofa tatu hapa Lamu haiwezi kutegemea ruta moja iliyowekwa karibu na mlango. Kila ghorofa inataka kifaa chake cha waifai, kila kifaa kinataka waya wake, na nyaya zote hurudi kwenye swichi moja, mara nyingi chini ya ngazi. Kila paketi ya kila mgeni lazima ipite kwenye swichi hiyo. Basi hapo ndipo pa kuamua nani apate kasi gani.

Nauandika mwongozo huu kwa fundi anayejua kuingia kwenye swichi na kuandika amri, lakini hajawahi kuweka kikomo cha kasi, au amekiweka na bado watu wananung'unika. Amri nyingi hapa ni za Cisco Catalyst 2960, na mwishoni nitaonyesha za MikroTik aina ya CRS3xx. Mfano wetu ni huu: laini ya megabiti 50 kwa sekunde, ruta kwenye poti ya 1, ofisi kwenye poti ya 2, simu ya mezani ya intaneti kwenye poti ya 3, na kifaa cha waifai cha wageni kwenye poti ya 5. Tunataka wageni wapakue kwa megabiti 20 na wapakie kwa megabiti 10, na ofisi isiguswe.

Kwanza, tofautisha njia mbili

Kichochoro cha Mkomani hakipitishi punda wawili waliosheheni mawe wakikutana uso kwa uso. Ukimweka mtu mdomoni mwa kichochoro, anaweza kufanya kazi kwa namna mbili. Ya kwanza: punda akizidi idadi, anarudishwa gatini, na mwenyewe atajua la kufanya, akitaka mzigo ufike, aanze safari upya. Ya pili: punda akizidi, anasimamishwa ubavuni pa daka hadi njia iwe wazi, kisha anapita.

Ya kwanza mafundi huiita polisingi. Paketi inayozidi kikomo hutupwa papo hapo, bila kusubirishwa. Ya pili huitwa shepingi. Paketi inayozidi huwekwa kwenye foleni na kutolewa kwa mwendo uliopangwa. Mimi nitasema kukata na kulainisha, kwa kuwa ndivyo zinavyofanya.

Kukata hakuongezi ucheleweshaji, lakini kunapoteza paketi, na TCP, utaratibu unaobeba mafaili na kurasa nyingi za wavuti, ikipoteza paketi hupunguza mwendo kwa nguvu. Kulainisha kunapoteza paketi chache zaidi, lakini foleni ikiwa ndefu kila kitu huchelewa. Hesabu mwenyewe: paketi 100 za baiti 1518 zikisubiri kwenye njia ya megabiti 2, ya mwisho itangoja karibu milisekunde 600. Mtu aliye kwenye simu ya video atakuwa anaongea na mwenzake kama aliye ng'ambo ya mkondo. Kwenye njia ya megabiti 20 foleni ileile huisha kwa milisekunde 61 tu. Kwa hiyo foleni yenye urefu sawa inaweza kuwa salama mahali pamoja na balaa pengine.

Kuna tofauti nyingine ambayo inaamua mengi. Unaweza kukata trafiki inapoingia au inapotoka, lakini unaweza kulainisha inapotoka tu. Kwa kawaida swichi haimwambii aliye upande wa pili apunguze mwendo kabla paketi haijafika. Ikishafika imeshafika.

Pili, elewa upande upi ni upi

Hapa ndipo nimeona mafundi wazuri wakipotea, basi twende polepole. Simama ndani ya swichi. Poti ya 5 inaelekea kwa wageni. Paketi inayoingia kupitia poti ya 5 inatoka kwa mgeni, kwa hiyo ni ya kupakia. Paketi inayotoka kupitia poti ya 5 inaenda kwa mgeni, kwa hiyo ni ya kupakua. Kwenye poti ya 1, inayoelekea kwenye ruta, mambo yanageuka: kinachoingia ni upakuaji wa nyumba nzima, na kinachotoka ni upakiaji wa nyumba nzima.

Ukiweka kikomo cha megabiti 20 kwenye mlango wa kuingilia wa poti ya 1, umebana ofisi na wageni pamoja. Ukikiweka kwenye mlango wa kuingilia wa poti ya 5 ukidhani umebana upakuaji, mgeni ataendelea kupakua filamu kwa kasi yote ya laini, na picha anazojaribu kutuma nyumbani ndizo zitakwama. Kabla ya kuandika amri yoyote, chora swichi kwenye karatasi na uweke mishale miwili kwa kila poti. Inachukua dakika tano.

Tatu, pima ndoo kabla ya kuweka kikomo

Hili ndilo lililonifanya niandike mwongozo wote huu.

Swichi haipimi kasi kwa kuangalia saa kila sekunde. Inatumia kitu kinachoitwa ndoo ya tokeni. Fikiria tokeni za umeme: una salio, kila matumizi yanapunguza salio, na salio likiisha taa zinazima. Tofauti ni kwamba tokeni hizi zinajiongeza zenyewe muda wote, kwa mwendo uleule wa kikomo ulichoweka. Kikomo cha megabiti 10 kinaongeza baiti 1,250 za tokeni kila milisekunde. Paketi ya baiti 1,500 ikija, swichi inatazama ndoo: kama zimo tokeni za kutosha paketi inapita na tokeni zinapungua, kama hazimo, paketi inatupwa. Na ndoo ikijaa, tokeni zinazozidi zinamwagika. Huwezi kuziweka akiba.

Kwa hiyo kikomo kina namba mbili: mwendo wa kujaza, na ukubwa wa ndoo. Watu wengi huiangalia ya kwanza tu.

Nyumba ya kwanza niliyoifunga mtandao kwa kikomo, niliandika megabiti 10 na baiti 8000 za ndoo, kwa sababu 8000 ndiyo namba ndogo kabisa ambayo swichi inakubali na niliiona kwenye mfano fulani. Baada ya siku mbili bi mkubwa mwenye nyumba akanipigia. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, wageni wa juu wanasema mtandao unakata kata." Nikaenda, nikapima: haikuvuka megabiti 4. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha vichwa vya waya, maana chumvi ya bahari hapa huzila shaba haraka, na nilikuwa na hakika hilo ndilo tatizo. Nikabadilisha kifaa cha waifai. Siku nne zilipita kabla sijarudi kwenye ile namba 8000.

Angalia kilichokuwa kikitokea. Ndoo ya baiti 8000 inabeba paketi tano kubwa, basi. Kompyuta ya mgeni haitumi paketi moja moja kwa heshima. Inatuma kumi, ishirini, arobaini kwa mkupuo mmoja, kisha inangoja jibu. Mkupuo huo unafika kwenye poti ya megabiti 100 ndani ya milisekunde chache. Tano za kwanza zinapita, nyingi zilizobaki zinatupwa. TCP inaona hasara, inapunguza mwendo. Wakati inangoja, ndoo inajaa ndani ya milisekunde 6.4 na tokeni nyingine zote zinamwagika bure. Mteja analipia 10 na hapati hata nusu, ilhali swichi inafanya kazi yake sawasawa kama ilivyoelekezwa.

Ndoo lazima itoshe angalau muda ambao kompyuta inangoja jibu. Majibu kutoka seva za Ulaya hadi pwani yetu huchukua zaidi ya milisekunde 100. Tuseme 150. Zidisha: baiti 1,250 mara 150 ni baiti 187,500. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ninachokubali kwa megabiti 10. Kanuni inayotumika sana ni kubwa zaidi: chukua kasi kwa biti, gawanya kwa 8, zidisha kwa 1.5. Kwa megabiti 10 inakuja 1,875,000. Catalyst 2960 haipokei zaidi ya 1,000,000, basi andika 1,000,000. Zingatia pia vipimo: kwenye amri, kasi huandikwa kwa biti na ndoo huandikwa kwa baiti, zikiwa zimekaa bega kwa bega. Ni rahisi sana kuchanganya.

Ndoo kubwa haimpi mgeni kasi zaidi ya wastani uliowekwa. Inamruhusu avuke kidogo mwanzoni, kisha anarudi kwenye mstari.

Nne, kata upakiaji

Ingia kwenye swichi na uandike:

```
configure terminal
mls qos
access-list 101 permit ip any any
class-map match-all WAGENI
 match access-group 101
 exit
policy-map KUPAKIA-10M
 class WAGENI
  police 10000000 1000000 exceed-action drop
  exit
 exit
interface GigabitEthernet0/5
 service-policy input KUPAKIA-10M
end
```

Mstari wa `mls qos` unaonekana mdogo lakini unabadilisha tabia ya swichi nzima, si poti ya 5 peke yake. Ukishauweka, swichi inaacha kuamini alama za umuhimu zilizomo kwenye paketi (DSCP), na kila poti ambayo hujaiambia iamini itazifuta ziwe sifuri. Simu ya ofisini inayoweka alama 46 kwenye sauti yake itapoteza alama hiyo njiani. Kwa hiyo, kwenye poti ya simu na ile ya ruta, ongeza mara moja:

```
interface range GigabitEthernet0/1 , GigabitEthernet0/3
 mls qos trust dscp
 priority-queue out
```

Mstari wa mwisho unaifanya foleni ya kwanza ihudumiwe kabla ya zote. Simu moja inayotumia G.711, njia ya kusimba sauti, inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kiasi ambacho hakimwumizi mtu yeyote, kwa hiyo kuipa njia hakuna gharama.

Jambo jingine: orodha ya 101 inashika IPv4 tu. Kama ruta yako inagawa anwani za IPv6, trafiki hiyo itapita pembeni bila kikomo, nawe utashangaa kipimo kimoja kinasema 10 na kingine kinasema 45. Angalia hilo kabla ya kulaumu swichi.

Tano, lainisha upakuaji

Catalyst 2960 haikubali `service-policy` upande wa kutokea. Ukijaribu itakataa. Lakini ina njia ya kuibana poti nzima inapotoa, kwa asilimia ya kasi ya poti:

```
interface GigabitEthernet0/5
 speed auto 100
 srr-queue bandwidth limit 20
```

Asilimia zinazokubalika ni 10 hadi 90. Ndiyo sababu ya mstari wa `speed`. Poti ikiwa ya gigabiti, asilimia 10 ni megabiti 100, na laini yetu yote ni 50, kwa hiyo kikomo hicho hakina maana. Ukiishusha poti hadi 100, asilimia 20 inakuwa megabiti 20. Ukihitaji megabiti 5, andika `speed auto 10` na kikomo cha 50.

Nimetumia `auto` kwa makusudi. Ukilazimisha kasi upande mmoja huku upande wa pili ukiendelea kujadiliana, unaweza kuishia upande mmoja ukiongea na kusikiliza kwa pamoja na wa pili ukifanya kwa zamu. Hapo kasi huanguka vibaya, na tena kwa namna isiyotabirika. Baada ya kubadilisha, andika `show interfaces status` na uhakikishe poti inasoma `a-full` na `a-100`.

Asilimia hiyo swichi huikadiria tu, kwa sababu vifaa vyake hupanda kwa hatua. Ili kujua namba inayotumika kweli, andika `show mls qos interface gigabitethernet0/5 queueing` na usome ile iliyo kwenye mabano mbele ya maneno `Operational Bandwidth`.

Sita, pima

Usipime kwa tovuti ya kupimia kasi pekee. Tovuti hizo hupima na laini yako, na seva iliyo mbali, na jirani anayepakua wakati huohuo. Chukua kompyuta mbili zenye iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta na kompyuta. Moja iweke ofisini, poti ya 2, na uandike `iperf3 -s`. Nyingine ichomeke kwa waya kwenye poti ya 5, badala ya kifaa cha waifai, kisha:

```
iperf3 -c 192.168.20.10 -t 30
iperf3 -c 192.168.20.10 -t 30 -R
iperf3 -c 192.168.20.10 -u -b 15M -t 30
```

Weka anwani ya kompyuta ya ofisini badala ya hiyo yangu. Amri ya kwanza inapima kupakia. Tegemea karibu megabiti 9.5, si 10 kamili, kwa sababu vichwa vya paketi navyo vinahesabiwa na swichi ilhali iperf3 inahesabu mzigo wenyewe. Angalia safu ya `Retr`, yaani idadi ya paketi zilizotumwa upya. Chache ni kawaida pale unapokata. Zikiwa mamia na kasi haifiki hata nusu, ndoo yako ni ndogo.

Ya pili inapima kupakua. Wakati inaendelea, fungua dirisha jingine utume `ping` kwa kompyuta ya ofisini. Namba ikipanda kutoka 1 hadi makumi ya milisekunde, unaiona foleni kwa macho yako. Ikipita 150 na kubaki huko, simu zitaanza kusumbua.

Ya tatu inasukuma megabiti 15 za UDP kwenye mlango wa 10. UDP haipunguzi mwendo ikipoteza, kwa hiyo hasara inapaswa kuwa karibu theluthi moja. Ikiwa sifuri, kikomo chako hakijashika: rudi kwenye mishale ya karatasi.

Kwa upande wa swichi, `show mls qos interface gigabitethernet0/5 statistics` inaonyesha mwishoni paketi zilizo ndani ya kikomo na zilizo nje. Usitumie `show policy-map interface` kwenye swichi hizi. Hesabu zake mara nyingi husoma sifuri hata kila kitu kikifanya kazi, na imewapotezea wengi saa nzima.

Kama swichi yako ni MikroTik CRS3xx

Ni mstari mmoja:

```
/interface ethernet switch port set ether5 ingress-rate=10M egress-rate=20M
```

Upande wa kuingia inakata, upande wa kutoka inalainisha, na kazi yote inafanywa na chipu ya swichi bila kugusa kichakataji kikuu. Urahisi huu una bei yake: huchagui ukubwa wa ndoo. Kama `Retr` zinakusumbua kwenye kupakia, ondoa `ingress-rate` na uhamishie kikomo cha kupakia kwenye ruta, ambako una foleni za kweli. RouterOS 7, mfumo wa ruta za MikroTik, ina foleni za fq-codel na CAKE: ya kwanza hugawa nafasi kwa haki kati ya mitiririko ya data, na ya pili inaweza kuigawa hata kati ya wageni wenyewe, jambo ambalo kikomo cha poti hakiwezi. Poti haijui kwamba mgeni mmoja anapakua mchezo wa gigabaiti 60 na wengine watano wanasoma barua pepe. Ukitumia foleni za kawaida kwenye ruta hiyo, zima kwanza kanuni ya fasttrack, la sivyo paketi zitaruka foleni.

Na kama mtoa huduma wako anakata kwenye megabiti 50, usisubiri akate yeye. Kwenye ruta, lainisha upakiaji wa nyumba nzima uwe 45 au 47, ili foleni ikae kwako ambako unaweza kuipanga. Ikikaa kwake, au paketi zikitupwa huko, sauti ya simu ya ofisini itatupwa pamoja na picha za wageni, bila kuchagua.

Kabla hujafunga kabati

Andika `copy running-config startup-config`. Umeme ukikatika usiku na swichi ikiwaka upya bila mpangilio uliohifadhiwa, kikomo kimepotea, na asubuhi hakuna atakayekwambia. Utasikia tu kwamba ofisi ni nzito. Bandika ndani ya mlango wa kabati karatasi ile yenye mishale, na kando ya poti ya 5 uandike tarehe, kasi ya kila upande, na ukubwa wa ndoo kwa baiti. Weka swichi juu ya kibao, isiguse ukuta: mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, na ukuta wa chini ya ngazi huwa mbichi karibu mwaka mzima.